Upande Unaolia

Shanice alipofikisha wiki sita, mama yake alikuwa amekwisha kujua njia zote za kumnyamazisha. Titi kwanza. Titi likikataliwa, kidole kilichochovywa maji ya glukosi. Kidole kikikataliwa, anamlaza kifudifudi juu ya mkono na kumpigapiga mgongoni huku akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua tano kwenda, hatua tano kurudi, maana chumba chao cha Mwakingali, mjini Voi, hakikuwa na hatua ya sita. Valentine alifanya haya yote kabla kilio hakijatoka. Alijua jinsi uso wa mwanawe ulivyojikunja na kidevu kilivyoanza kutetemeka, na ni katika nafasi ile fupi, kati ya kidevu na sauti, ndipo alipofanya kazi yake.

Mtoto akiwa kimya alikuwa mzuri, hakuna aliyebisha. Macho makubwa ya baba yake, nyusi kama zimechorwa, midomo iliyokaa sawasawa. Ni akilia tu ndipo mambo yalipoharibika. Kona ya kulia ya mdomo ilivutika chini mpaka ufizi ukaonekana, na kona ya kushoto ikabaki pale pale, imetulia, kama ya mtu anayesikiliza redio. Nusu ya uso inalia, nusu haina habari.

Mkunga aliyemzalisha aliuona mdomo huo siku ile ile. Alisema huenda kichwa kilibanwa wakati wa kutoka, mshipa ukalala, na kwamba jambo kama hilo hujirudi lenyewe. Hakuliandika mahali popote. Kila kitanda kilikuwa na akina mama wawili, na tayari kuna mwingine alikuwa akimwita.

Halikujirudi. Zaitun, jirani yao aliyekaanga viazi karai pale langoni mwa ploti, ndiye wa kwanza kulisema waziwazi. Alimwita Valentine mwanangu, akamuuliza huyu mtoto mlimpitisha wapi usiku akapigwa na upepo mbaya. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kuzima jiko, alinawa mikono, akaingia na chupa ya mafuta ya nazi na kumsugua Shanice shavu la kulia, lile linalovutika, akilisukuma juu taratibu na kusema bismillahi. Alisema shavu limeteguka na litarudi mahali pake, mtu asiwe na haraka tu.

Watoto wa ploti nao walipata mchezo mpya. Mmoja analia uongo, mdomo kauvuta upande, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Hilo Valentine aliliweza. Lililomshinda lilitokea kanisani. Shanice alilia katikati ya matangazo, na mzee mmoja wa benchi la nyuma akamwambia jirani yake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba huyu mtoto analia huku anatucheka. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kanisani, cha mabega. Valentine naye akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Jumapili iliyofuata alibaki nyumbani.

Mumewe, Sylus, alichomelea mageti kwenye karakana iliyo kando ya barabara kuu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na juu ya jambo hili hakuwa na neno hata moja. Alimpiga mwanawe picha nyingi kwa simu, zote akiwa amelala. Picha hizo ndizo alizomtumia mama yake, Teresia, kule Werugha milimani.

Teresia alikuwa hajashuka kumwona mjukuu. Alikuwa amengoja mtoto apewe jina lake, kama yeye alivyompa binti yake wa kwanza jina la mama mkwe wake. Badala yake cheti kikatoka kimeandikwa Shanice, jina ambalo Valentine alilipenda tangu shuleni na ambalo Sylus alikubali kwa kunyamaza. Bibi akaambiwa kwa simu. Alisema sawa. Akasema tena sawa, akakata simu.

*

Wiki ya kumi, siku ya sindano, Valentine aliondoka nyumbani akiwa ameamua. Atamwambia nesi. Alirudia maneno njia nzima: sista, naomba umwangalie mdomo akilia.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yao watoto walikuwa wakilia kwa zamu, na kila aliyelia alifungua mdomo mviringo, pande zote mbili, na Valentine akawa anaangalia ile midomo mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeangalia viatu vya wenzake. Zamu yao ilipofika alikaa, akampa Shanice titi mapema, akamfunika na leso. Sindano iliingia pajani. Mtoto alishtuka, akatoa sauti moja ndani ya nyama ya mama yake, akaendelea kunyonya.

Nesi alicheka kwa furaha. Alikuwa amechoka, tangu asubuhi alikuwa akipigiwa kelele na watu wadogo.

"Huyu ni mtulivu jamani. Mmemwona?" aliwaambia wale waliongoja. "Mama, wewe unajua kulea."

Akaandika uzito, kilo nne na gramu mia moja, akasema ni mdogo kidogo lakini yuko sawa, amnyonyeshe zaidi. Maneno ya Valentine yalikuwa yako mdomoni, yamepangwa. Lakini akina mama wote walikuwa wamegeuka kumwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue walimwangalia vizuri. Akasema asante sista. Akafunga kitabu cha kliniki ndani ya leso na kutoka.

*

Aliyepeleka habari mlimani ni Thadeus, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Sylus. Alikuja Voi kununua mabati, akapitia kusalimia, na Shanice akalia kabla Valentine hajarudi kutoka jiko la nje. Mzee aliangalia mpaka mwisho. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: huyu anaitwa nani. Alipoambiwa, akaitikia kwa kichwa kama aliyepata hesabu yake, na baada ya siku nne Sylus akapigiwa simu kwamba wapande Jumamosi, wote watatu.

Wadawida wa zamani, yaani Wataita wa milimani, walijua, na wengi wa sasa wanajua ingawa hawakiri, kwamba hasira ya mkubwa haihitaji mikono. Bibi akinuna, hata bila kukusudia, mtoto ndiye anayeumwa. Dawa ni moja: mwenye hasira achukue maji mdomoni, ayapulize, aseme mbele ya watu kwamba moyo wake umepoa. Hiyo ndiyo kutasa.

Teresia alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama kanisani kwao. Kwa miaka thelathini alikuwa amewaambia wanawake wengine waachane na mambo hayo. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, ukungu umeshuka mpaka juu ya kabichi, na shemeji yake akamweleza mbele ya wanawe na majirani wawili kwamba mtoto amepinda mdomo kwa sababu kuna mtu ana kinyongo naye, na hakuna haja ya kumtafuta mbali.

"Mimi sina hasira na malaika," Teresia alisema.

"Hakuna aliyesema unayo kwa kupenda, Mama Sylus. Tunasema kama ipo."

"Na kama haipo?"

"Basi maji hayatakudhuru."

Aliwaangalia mmoja mmoja. Alimwangalia mwanawe, ambaye alikuwa akisoma vidole vyake. Alipomfikia Valentine, huyu akainamisha kichwa, na hapo bibi akaelewa kwamba hata mke wa mwanawe ameamini. Akaomba kikombe. Akachukua funda, akapuliza kifuani mwa mtoto, akasema kwa Kidawida, upesi upesi kama mtu anayesoma risiti, kwamba kama kuna hasira kwake ipoe, na mtoto akue.

Maji ya Werugha ni ya baridi. Shanice alilia kwa nguvu zake zote. Wote wakasogea kuangalia. Kona ya kulia ikashuka, ya kushoto ikatulia.

Kisha Thadeus akasema pengine huchukua siku kadhaa. Teresia akaenda jikoni, akapakua kimanga cha muhogo na maharagwe, akawapa wageni wote, yeye hakula.

*

Siku kadhaa zikapita, na kitu kilibadilika, lakini si mdomo. Shanice alikuwa akinyonya mara tatu, nne, kisha analala titi likiwa bado mdomoni, na paji la uso limelowa jasho kama aliyetoka shamba. Akiamka ananyonya tena mara tatu, analala tena. Zaitun alisema ni joto la Voi. Valentine alisema mtoto wake amekuwa mtulivu kweli sasa.

Wiki ya kumi na nne mizani ilisoma kilo nne kamili. Nesi alimweka mtoto tena, mizani ikarudia neno lake. Safari hii hakumsifu mtu. Alimwita daktari wa zahanati, mzee mmoja Mkamba aliyeitwa Munyao, ambaye alikuwa karibu kustaafu na aliyevaa miwani iliyofungwa waya pembeni.

Munyao hakuuliza maswali kwanza. Alimchukua Shanice kutoka mikononi mwa mama yake, akaenda naye mpaka meza ya upande wa pili, akamvua nguo. Valentine alisimama akamfuata na leso. Daktari akamwonyesha kwa kidole akae.

Kidevu kilianza kutetemeka. Valentine alikiona kutoka mbali, na mikono yake haikuwa na la kufanya.

Mtoto akalia, kilio chembamba, cha kukatika. Munyao akainama. Akaangalia mdomo, akaangalia mama, akaangalia mdomo tena.

"Hii iko tangu lini?"

"Tangu azaliwe, daktari."

"Na mumekuja hapa mara ngapi?"

"Hii ni ya tatu."

Alimgeukia nesi. Nesi alisema hajawahi kumsikia huyu mtoto akilia, na alisema kweli.

Munyao aliweka kipimo chake masikioni na kusikiliza kifua kwa muda mrefu, akahamisha, akasikiliza mgongo, akafumba macho. Alipomaliza alimrudishia mama mtoto wake kwa mikono miwili. Kisha akamweleza, kwa upole, jambo ambalo Valentine alilisikia vipande vipande. Kwamba chini ya mdomo kuna kamsuli kadogo, kazi yake kuuvuta mdomo chini mtu akilia. Kwa Shanice ka upande mmoja hakakukua tumboni. Kenyewe hakana shida, wako watu wazima wanaishi hivyo, wanaoa na kuolewa. Ila mtoto wa namna hii lazima asikilizwe moyo, kwa sababu mara nyingine vitu hivyo viwili huja pamoja.

"Na huu wake una kelele," alisema. "Nataka aende hospitali kubwa leo. Si kesho."

Valentine aliuliza swali ambalo baadaye alilionea haya. Aliuliza kama waendelee kulisugua shavu.

"Lipi?"

Akagusa la kulia. Munyao akatikisa kichwa.

"Upande huo unaovutika ndio mzima, mama. Ule mwingine, huo uliotulia, ndio haukukua."

*

Walikuwa na siku sita wodini Teresia aliposhuka. Alikuja na kiondo na shuka safi, akasimama miguuni pa kitanda. Shanice alikuwa na mirija ya oksijeni puani iliyobandikwa mashavuni kwa plasta. Kikohozi kilikuwa kimeingia kwenye mapafu. Mashine ilikuwa imeonyesha tundu kwenye moyo, kubwa, na daktari wa watoto alikuwa amewaambia ukweli wote bila kuuzungusha: tundu kama hilo linazibwa, lakini mtoto lazima awe na mwili wa kubebea kisu. Kuna dawa za kupunguza maji kwenye mapafu ili mtoto anyonye na kunenepa. Angezianza akiwa na miezi miwili, leo wangekuwa wanazungumza mengine. Sasa ni mwembamba mno, na kifua kimeshikwa. Watampeleka Mombasa, kwa wenye vifaa, na huko wataona kama wanaweza kumngoja anenepe kwanza.

Nesi wa wodi alimwambia bibi wageni ni saa saba. Teresia alisema ametoka mbali. Nesi akasema wote wametoka mbali. Basi wakatoka watatu, wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi, Sylus katikati.

Teresia alimweleza mwanawe kwa Kidawida, akiwa anaangalia mbele. Kwamba siku ile uani hakutasa. Mdomo ulisema, lakini ngolo, moyo wenyewe, ulikuwa unachemka, tena kuliko mwanzo, kwa kuwa walimkalisha kama mchawi nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa na hasira ya jina, akaongezewa hasira ya aibu, akampulizia mtoto zote mbili. Maji ya mtu mwenye hasira si kitu. Na sasa anaambiwa ugonjwa ni moyo. Angeambiwa nini kingine?

"Ni mimi," alisema. "Usimtafute mwingine."

Sylus alikunja mikono yenye makovu ya cheche, na bega lake likasogea upande wa pili, mbali na mama yake. Kusogea kwenyewe ni kwa vidole viwili tu. Lakini Teresia alilihisi, na Valentine aliliona.

Valentine angeweza kunyamaza. Alilijua hilo vizuri kabisa, akiwa amekaa pale na maziwa yanamlowesha blauzi. Hakuna ambaye angemuuliza, leo wala mwaka wowote. Bibi angelibeba mpaka kaburini, na Sylus angemsaidia kulibeba kwa kutompigia simu.

"Si wewe, Mama," alisema.

Teresia akageuka.

"Nilikuwa namnyamazisha. Kila kliniki. Nilimweka titi kabla hajachomwa ili wasimwone. Nilimsikia mkunga, nilijua si kawaida, na mara ya pili nilienda kabisa nikiwa nataka kusema. Nesi akanisifu." Alivuta blauzi iliyomgandama. "Nilipenda kusifiwa. Nikarudi nyumbani. Wangemwona siku ile, angepata dawa siku ile. Daktari amesema, miezi miwili. Sylus alisikia, ila hakuhesabu."

Sylus sasa alikuwa akihesabu. Ilionekana usoni.

Teresia hakukasirika. Alimwangalia mke wa mwanawe kwa muda mrefu, na uso wake, uliokuja umekazwa kwa safari nzima kutoka mlimani, ukalegea wote kwa pamoja, akaonekana mzee.

"Ungeniachia," alisema, kwa Kiswahili, ili asieleweke vibaya. "Hasira yangu ningeipoza. Ningerudi leo nikaita watu, nikasema tena kwa moyo wote, hata mara mia. Hili lako nitalifanya nini?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui."

Alitoa leso, akamfuta Valentine blauzi pale maziwa yalipolowesha, kwa ukali kidogo, kama anayefuta meza. Sylus aliinuka akaenda ukutani, akasimama akiwa amewapa mgongo. Walikaa hivyo mpaka nesi alipotokea mlangoni na kusema gari liko tayari, na ndani ataingia mama peke yake.

*

Nesi aliyewasindikiza aliitwa Ridha, kijana mwenye sauti laini, na alikuwa na fomu ya kukabidhi mgonjwa ambayo hakuwa amemaliza kuijaza. Aliiweka gotini. Gari lilipoacha mji nyuma aliendelea kuandika, akiinua macho kumtazama mtoto na kuyashusha, mapigo, pumzi, joto. Shanice alikuwa amelala.

Valentine alisoma kutoka pale alipokaa.

"Hapo umeandika nini? Mbele ya neno uso."

"Kawaida. Uso uko sawa."

"Hauko sawa."

Ridha akamwangalia mtoto tena, midomo iliyofungwa vizuri, nyusi. Alikuwa na adabu, hakubishana. Alisema mama asiwe na wasiwasi, wenzake wa Mombasa watapima kila kitu upya.

Gari likaingia shimoni, likatikisika. Shanice akafumbua macho. Kidevu kikaanza. Mkono wa Valentine ulikuwa umekwisha kufika kwenye kifungo cha blauzi, wenyewe, kama ulivyozoea, na Ridha naye akanyoosha wake ili ambembeleze, maana kulia kunachosha moyo.

"Ngoja," Valentine alisema. "Mwangalie kwanza."

Kilio kilitoka chini ya mirija, kidogo, kimekauka, hakikufika hata kwa dereva. Kona ya kulia ikashuka. Ridha alisogea mpaka akawa karibu kumgusa mtoto kwa paji lake, kama anayesoma maandishi madogo.

"Basi ni upande wa kulia," alisema, akachukua kalamu.

"Hapana. Huo ni mzima. Ni huu. Huu ambao haulii."

Ridha alikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, kisha mengine, yakafika ukingoni mwa karatasi. Valentine alisubiri. Kila pumzi ya kilio ilipita kifuani mwake kwanza. Alisubiri mpaka kijana alipoweka nukta, ndipo akamwinamia mwanawe.